Waliokwenda Tana Kustarehe

Mwezi wa Septemba 1892 kijana mmoja wa Kimarekani, umri wake miaka 25, aliondoka Lamu akiongoza msafara wa wapagazi zaidi ya mia, askari wa Kisudani na Kisomali, ngamia, punda na ng'ombe wa mizigo. Aliitwa William Astor Chanler. Wazazi wake walikufa angali mtoto, wakamwachia yeye na ndugu zake fungu la mali ya ukoo wa Astor wa New York, mali iliyoanzia kwenye biashara ya manyoya ya wanyama na kunenepa kwa viwanja na nyumba za kupangisha. Chuo Kikuu cha Harvard alikiacha njiani. Alikuwa amekwisha kuja Afrika Mashariki mara moja akawinda pande za Kilimanjaro, na sasa alitaka kupanda na mto Tana mpaka pale mitumbwi inaposhindwa, kisha apinde kaskazini aingie nchi ambayo kwenye ramani za Ulaya ilikuwa karatasi tupu.

Vitabu humtia Chanler katika kundi la wapelelezi, na kwa kiasi fulani anastahili. Lakini hakutumwa na serikali, wala kampuni, wala misheni. Kila doti ya nguo, kila fungu la shanga na kila mshahara wa mpagazi ulitoka mfukoni mwake, na siku ambayo angechoka angeweza kugeuza njia bila kumjibu mtu yeyote. Aliwinda kila alipofika. Kijana wa pesa, bunduki nzuri, rafiki wa kuzungumza naye jioni, na nchi ya watu wengine ya kutembelea: tukimwita mtalii hatutakuwa tumemwonea.

Rafiki huyo alikuwa Ludwig von Höhnel, luteni wa jeshi la majini la Austria, aliyekuwa na mpelelezi Count Teleki mwaka 1888 walipolifikia ziwa ambalo wao waliliita Rudolf na sisi leo twaliita Turkana. Höhnel alijua kupima nchi na kuchora ramani. Alijua pia misafara inavyoharibika, na huenda hiyo ndiyo elimu iliyohitajika zaidi.

Nchi ya Tana ya chini waliyoipita haikuwa na utulivu. Witu ilikuwa imechomwa na Waingereza Oktoba 1890, kisasi cha kuuawa kwa Wajerumani kadhaa mjini humo. Golbanti, si mbali na mahali palipo Garsen leo, Wamethodisti walikuwa na misheni yao kwenye ukingo wa mto, na mwezi Mei 1886 mmisionari John Houghton na mkewe waliuawa hapo na Wamaasai. Hata hivyo Wapokomo waliendelea kulima kandokando ya mto kama walivyolima miaka yote: mpunga, mahindi na migomba kwenye matope yanayoachwa na mafuriko, na mtumbwi ukiwa mguu wa kila mtu. Waorma walishuka na ng'ombe kuja kunywesha kiangazi kilipokaza. Msafara wenye vinywa mia na zaidi, ukiacha wanyama, ulipofika kijijini ulikuwa ni soko na tauni kwa pamoja. Ulileta nguo na shanga, ukaondoka na chakula cha miezi.

Walipanda hadi Hameye, mwisho wa njia ya maji, wakaweka kambi. Kutoka hapo Chanler na Höhnel walikwenda mpaka Ewaso Nyiro, wakaufuata mto huo kushuka, wakaona maporomoko ambayo mpaka leo ramani zinayaita kwa jina la Chanler, wakafika Lorian. Kwa miaka mingi Wazungu walikuwa wakisimuliwa juu ya ziwa kubwa la Lorian. Walilolikuta ni kinamasi cha matete na mbu. Nafikiri hapo ndipo safari ilipoanza kwenda kombo moyoni kabla haijaharibika njiani, maana mtu aliyetoka New York kutafuta ziwa hafurahii matope.

Baadaye mambo yalikuja kwa mfululizo. Wanyama wa mizigo wakafa, ngamia kwa punda, hata karibu wote wakaisha, na mizigo yao ikahamia vichwani mwa watu. Kulikuwa na vita na wenyeji wa vilima vya Nyambene. Waliwafikia Warendile, jambo ambalo Chanler alijivunia baadaye, lakini biashara ya kununua wanyama wapya haikuwa kama alivyotaraji. Agosti 1893 kifaru alimrukia Höhnel akamchoma vibaya kwa pembe. Akabebwa kwenye machela, wiki baada ya wiki, mpaka ngome ya Waingereza huko Ukikuyu, kisha pwani, kisha kwao. Waliombeba hawakuwa na machela ya akiba kwa ajili yao wenyewe.

Chanler akabaki Nyambene akingoja. Mwisho wa mwaka huo, Desemba, wapagazi wake kutoka Unguja walimwacha. Walikuwa wamechoka kubeba kazi ya punda waliokufa, nao walijua wazi kwamba bwana bado anaota kwenda mbele kaskazini huku wao wanaona nyuma yao njia ya pwani. Kiboko kilikuwa adhabu ya kawaida katika misafara ya Wazungu wa enzi hiyo, na mpagazi aliyetoroka aliweka rehani mshahara wa mwaka mzima na zaidi. Mtu haachi fedha kama hizo kwa uvivu, ingawa vitabu vya mabwana wa misafara vimejaa neno hilo.

Februari 1894 Chanler alifika Mombasa na mabaki ya watu wake. Ikafuata kesi ya maneno. Unguja, Sir Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, aliwasikiliza wapagazi waliorudi, na Chanler akamkasirikia sana kwa hilo. Mwaka 1896 alitoa kitabu chake, Through Jungle and Desert, akatoa upande wake wa kisa. Wapagazi hawakuandika kitabu. Tohe mmoja wa milimani alipewa jina la Chanler na wataalamu wa wanyama, naye mwenyewe baadaye akapigana vita vya Cuba, akaingia Bunge la Marekani, akafa Ufaransa mwaka 1934. Safari iliyoharibika haikumharibia maisha. Ilimpa hadithi ya kusimulia mezani.

Tuache mabwana wa bunduki kidogo, turudi kwenye maji.

Tana unaanzia milima ya Kenya na Nyandarua, unazunguka kwa zaidi ya kilomita elfu moja, unapita Garissa, Hola na Garsen, na kumwaga maji bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mvua inayoujaza hainyeshi Garsen. Inanyesha Nyeri, Meru na Embu, na watu wa delta huona jua kali juu ya vichwa huku mto ukipanda miguuni. Tangu miaka ya 1960 serikali imejenga mabwawa ya umeme huko juu: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga, Kiambere. Masinga likijaa na kumwaga, habari hutolewa redioni, na maji huchukua siku kadhaa kufika chini. Hapo mtu wa Idsowe au Tarasaa huanza kuhesabu magunia na mbuzi.

Mto huu una misimu miwili ya kufura: masika, kuanzia Aprili, na vuli, kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Sasa tazama kalenda ya shule ya Kenya. Zimo likizo za Aprili na Desemba. Miezi hiyohiyo Tana unapotoka kitandani, ndipo watoto wanapofunga shule, walimu wanaporudi makwao, arusi zinapopangwa, na familia za Mombasa na Malindi zinapopakia mizigo kwenda Lamu au Hola kuwaona wazee. Aliyepanga kalenda hiyo hakuwa na sababu ya kuifikiria Garsen, na Garsen haikupata nafasi ya kumkumbusha. Mtu wa Nairobi akisema likizo imeharibiwa na mvua, ana maana kwamba hakutoka hotelini. Kwa mtu wa delta mvua hiyo imekula barabara.

Zamani, kabla ya daraja, gari lilivushwa Garsen kwa feri ya kamba. Watu walishika kamba iliyofungwa ng'ambo hii na ng'ambo ile, wakavuta, na feri ikasogea polepole huku abiria wakiwatazama mamba, na mara nyingine abiria wenyewe wakishika kamba. Miaka ya 1970 vijana wa Ulaya na Marekani wenye nywele ndefu walipoigundua Lamu, wengi walipita hapo, wamekaa juu ya mizigo ya mabasi yaliyotoka Malindi, wamejaa vumbi mpaka kope. Kwa maji ya kawaida feri ilikuwa sehemu tamu ya safari. Maji yalipopanda feri haikuvuta, na basi liligeuza au lilingoja. Mji wa Garsen ulikua kwa kungojewa huko: chai, mahamri, samaki wa kukaanga, embe za msimu, na mikeka ya kulalia kwa asiye na jamaa.

Mwaka 1961 mvua za vuli zilizidi kiasi cha kuzungumzwa mpaka leo. Vijiji vya Tana vilizingirwa na ndege zikadondosha chakula. Watoto waliozaliwa mwaka huo ni wazee sasa, nao bado huulizwa kama walizaliwa kabla au baada ya maji.

Lakini kisa cha Tana kilichosikika duniani kote hakikuwa cha maji. Kilitokea juu ya mto, Kora, upande wa kaskazini wa iliyokuwa wilaya ya Tana River, mwendo mrefu kutoka Garsen.

George Adamson alihamia Kora mwaka 1970. Alizaliwa India mwaka 1906, akawa mlinzi wa wanyama kaskazini ya Kenya kwa miaka mingi, na jina lake likaenea pamoja na la mkewe Joy kwa ajili ya simba jike Elsa na filamu ya Born Free iliyotoka mwaka 1966. Kora alianzisha kambi iliyoitwa Kampi ya Simba, iliyozungushiwa ua wa seng'enge, akafanya kazi ya kuwarudisha porini simba waliolelewa na watu. Mmojawao, Christian, alinunuliwa katika duka la Harrods jijini London na vijana wawili wa Australia kabla ya kuletwa Tana. Kisa hicho kimefurahisha mamilioni. Mwaka 1971 simba mwingine wa kambi hiyo, aliyeitwa Boy, alimuua Stanley Murithi, mfanyakazi wa Adamson, na Adamson ikambidi ampige risasi simba wake mwenyewe. Kisa hicho husimuliwa mara chache zaidi.

Kora ilifanywa hifadhi ya taifa ya akiba mwaka 1973, lakini haikuwa na mageti wala hoteli wala barabara za watalii kama Amboseli. Wageni walikuja kwa mwaliko, wengi kwa ndege ndogo iliyotua kwenye kiwanja kilichofyekwa porini. Walikula mezani pa mzee, wakasikiliza ngurumo za usiku, wakarudi Nairobi. Ilikuwa likizo ya namna ya pekee, ya watu waliotaka kuwa karibu na simba bila mabasi ya rangi ya pundamilia. Wakati huohuo, nchi iliyowazunguka ilikuwa inabadilika. Bunduki za kivita zilikuwa nyingi, majangili waliwamaliza faru na tembo, na wafugaji waliokimbia ukame waliingiza ngamia na mbuzi kwenye hifadhi kutafuta majani ya ukingo wa Tana. Adamson alikuwa ameonywa zaidi ya mara moja aondoke.

Mwaka 1989 ulikuwa mbaya kwa watalii Kenya nzima. Aprili Rais Daniel arap Moi alimteua Richard Leakey kusimamia idara ya wanyamapori. Julai mtalii wa Kimarekani aliuawa na majambazi katika hifadhi ya Tsavo. Tarehe 18 Julai Moi aliwasha moto rundo la tani 12 za pembe za ndovu kwenye hifadhi ya Nairobi, picha ikazunguka ulimwengu. Mwezi mmoja baadaye, Jumapili ya tarehe 20 Agosti, mgeni wa Kijerumani aliyekuwa akikaa Kampi ya Simba alitoka na mfanyakazi mmoja wa kambi kwa gari kuelekea kiwanja cha ndege. Majambazi waliwavamia njiani. Milio ya risasi ilisikika kambini. Adamson alikuwa na miaka 83. Aliingia kwenye Land Rover yake pamoja na baadhi ya wafanyakazi wake, wakaenda moja kwa moja kulikosikika milio, na mzee hakupunguza mwendo alipowaona watu wenye bunduki. Aliuawa yeye na wafanyakazi wake wawili. Mgeni alinusurika. Mfanyakazi aliyekuwa naye aliumizwa vibaya mguu.

Ni rahisi kusimulia hadithi hiyo kama kisa cha shujaa na simba wake, na ndivyo ilivyosimuliwa. Ushujaa wa yule mzee haupingwi. Ila wale waliokuwa kwenye gari lake hawakwenda Kora kutafuta pori wala kumaliza uzee miongoni mwa wanyama. Walikuwa kazini siku ya Jumapili. Adamson alizikwa Kora karibu na kaburi la ndugu yake Terence. Eneo hilo likapandishwa cheo kuwa mbuga ya taifa, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likaanza kazi mwaka 1990 likiwa na askari wenye silaha bora, na Kora ikabaki kimya miaka mingi, bila mgeni wa likizo.

Huku chini, upande wa Garsen, bunduki zilikuja na namna yake. Katika miaka ya 1990 njia ya Lamu ilijulikana kwa majambazi waliosimamisha mabasi, na basi lilipaswa kuwa na askari ndani au kwenda kwa msafara. Watalii wenye fedha walilitatua hilo kwa njia rahisi: walipanda ndege Nairobi au Malindi wakatua Manda. Tangu hapo likizo ya Lamu imekuwa mbili. Moja hupita juu ya Tana kwa muda usiotosha kikombe cha chai. Ya pili huamka usiku Mombasa, hupita Malindi, Minjila, Garsen, Gamba na Witu, na kumalizikia Mokowe ikingoja boti. Vitabu vya kuwaongoza wasafiri vilipoonya kwamba barabara ya Garsen si salama, vilikuwa vikisema na kundi la kwanza. La pili halikuwa na kitabu, nalo lilipaswa kusafiri tu.

Kisha ikaja El Niño. Mvua zilizoanza Oktoba 1997 ziligeuza sehemu kubwa ya Tana River na Garissa kuwa bahari ya matope. Barabara zilikatika, mifugo ikafa, na kwenye maji hayo ukazuka ugonjwa wa homa ya Bonde la Ufa uliopita kutoka kwa wanyama kwenda kwa watu na kuua mamia kaskazini mashariki. Krismasi hiyo ilikuwa pia ya uchaguzi mkuu. Siku ya kupiga kura ilikuwa tarehe 29 Desemba, na kwa sababu ya mvua na vifaa kuchelewa, upigaji kura ukaongezwa siku moja. Waliokuwa wamekwenda mashambani kwa mapumziko na kura kwa pamoja, wakipanga kurudi mjini mwanzo wa Januari, wakajikuta visiwani. Mpokomo mwenye mtumbwi alikuwa ndiye barabara. Alivusha wagonjwa, magunia, na hata walimu waliochelewa shuleni muhula ulipoanza.

Likizo zilizofuata ziliharibiwa na watu. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2011, kwenye hoteli ya Kiwayuu, kaskazini ya Lamu, Mwingereza David Tebbutt aliuawa na mkewe Judith akachukuliwa hadi Somalia; aliachiliwa Machi 2012. Tarehe 1 Oktoba 2011 Mfaransa Marie Dedieu, mlemavu aliyekuwa na makazi Manda, naye akatekwa, na akafa mateka. Katikati ya Oktoba jeshi la Kenya likavuka mpaka. Utalii wa Lamu ukaanguka, na kila mwenye boti, mpishi, mfua nguo na mchonga milango aliuhisi mwanguko huo kabla waziri yeyote hajautaja.

Mwaka uliofuata, delta yenyewe ikawaka. Agosti 2012 mapigano ya Wapokomo na Waorma, ambayo mizizi yake ni malisho, mashamba na siasa za viti vipya vya kaunti, yaliua zaidi ya watu 50 Riketa kwa shambulio moja. Tarehe 21 Desemba, siku nne kabla ya Krismasi, kijiji cha Kipao kikavamiwa, na makumi wakafa, wakiwamo wanawake na watoto. Familia nyingi za Garsen zilipitisha sikukuu hiyo kambini.

Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa. Julai 5 usiku wauaji walifika kituo cha polisi cha Gamba, ndani ya Tana River, na baadaye mwezi huohuo, ndani ya Ramadhani, basi likapigwa risasi karibu na Witu, wakafa watu wasiopungua saba. Serikali ikaweka kafyu Lamu na kupiga marufuku safari za usiku. Mabasi yakawa yanangojana na kwenda pamoja chini ya ulinzi wa polisi. Waliokuwa wakienda kwenye Maulidi ya Lamu, mkusanyiko wa msikiti wa Riyadha ambao huvuta watu kutoka Mombasa, Unguja na Ngazija, walilazimika kuipanga ibada yao kwa saa za polisi. Aliyechelewa kufika alilala njiani.

Baadaye barabara yenyewe ikaanza kutiwa lami. Kilomita 135 za Garsen, Witu na Lamu, ambazo kwa miaka zilikuwa vumbi kiangazi na uji masika, zilianza kujengwa, kwa sehemu kwa sababu ya bandari mpya ya Lamu, na watu walisema kwamba lami ingeondoa wavamizi kwa kuwa gari lingepita kasi. Tarehe 2 Januari 2020, watu wakirudi makwao na makazini baada ya mwaka mpya, basi lililokuwa likielekea Lamu lilisimamishwa Nyongoro. Abiria wasiopungua watatu waliuawa. Siku tatu baadaye wapiganaji wa al-Shabaab wakashambulia kambi ya jeshi ya Manda Bay na kuua Wamarekani watatu. Magazeti ya nje yaliandika Manda Bay. Nyongoro ilipata aya moja.

Lami ilikuwa nzuri mpaka mto ulipoitaka. Novemba 2023, baada ya misimu kadhaa ya ukame, El Niño ilirudi. Maji ya Tana yalifunika barabara sehemu za Gamba na Lango la Simba, na mabasi ya Lamu yakakwama huku na huku kwenye ncha kavu. Wenye boti wakaanza kuvusha abiria kwa malipo. Kuna waliowalaumu kwa bei walizotoza, na bei hazikuwa za huruma, lakini ni vema kukumbuka kwamba wengi wa hao wenye boti mashamba yao yalikuwa chini ya maji hayohayo waliyokuwa wakivushia. Likizo ya Desemba ilikuwa imeanza. Mwanafunzi wa bweni aliyetaka kufika nyumbani Mpeketoni alipanda basi, boti, kisha basi jingine, sanduku la chuma kichwani.

Masika ya 2024 yalizidi. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Aprili, na zilipaswa kufunguliwa Jumatatu tarehe 29. Siku moja kabla, kwenye barabara iliyozama kati ya Madogo na Garissa, mahali panapoitwa Kona Punda, boti iliyojaa abiria ilipinduka. Watu 23 waliokolewa, na miili iliendelea kutafutwa siku zilizofuata. Wengi wa abiria walikuwa wakivuka tu mahali ambapo wiki chache nyuma gari lilipita kwa dakika chache. Usiku wa kuamkia Jumatatu serikali ikatangaza kwamba shule hazitafunguliwa mpaka wiki inayofuata. Tarehe 3 Mei rais akaahirisha tena, safari hii bila kutaja siku.

Likizo ikawa ndefu. Mijini watoto walifurahi kwa siku mbili tatu, wakachoka. Tana River, madarasa yalikuwa yamejaa familia zilizohama vijiji, mikeka imetandikwa chini ya ubao, sufuria zinachemka barazani. Tarehe 13 Mei shule zikafunguliwa nchi nzima, isipokuwa zile zilizokuwa bado na maji au na watu wasio na pa kurudi, na kadhaa kati ya hizo zilikuwa kwenye kaunti hii. Mitihani ya taifa ya mwisho wa mwaka ilifuata ratiba moja kwa wote.